Safari ya Kumpeleka Juma Busanza

Barua ya Karoli ilinifikia Muleba mwezi wa Juni mwaka 1990, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati la dereva wa lori, inanuka dagaa. Iliandikwa kwa Kiswahili chake cha Kigali, kwa herufi kubwa kubwa kama za mtu anayepaka jina ubavuni mwa gari: "Sospeta, mimi nahama. Binti yangu Imakulata ananichukua Cyangugu, kule mwisho wa inchi. Mwezi wa saba naondoka. Ukitaka kuniona, kuja sasa. Ya Juma usiniulize."

Ni sentensi ile ya mwisho iliyonitoa nyumbani. Angeandika tu kwamba anahama, ningemjibu kwa barua nzuri na kumtakia heri. Lakini sisi tulikuwa watu watatu. Kwa miaka kumi na miwili tulifanya kazi kwa tajiri mmoja wa Kigali aliyekuwa na malori ya kahawa: mimi na Karoli tukiendesha, Juma akinyoosha mabodi tuliyoyakunja. Baba yangu alipofariki nikarudi Muleba kushika shamba, wao wakabaki. Nilikuwa nimeshasikia kwa madereva kwamba hawasemezani, na kwamba huu ni mwaka wa tatu, na kwamba chanzo ni ng'ombe. Sasa mmoja anahamia Cyangugu, safari ya siku nzima kwa basi, milima mitupu. Karoli ana miaka sabini na miwili, Juma sitini na tisa. Kama hawatapatana kabla ya basi hilo kuondoka, hawatapatana tena, na mimi nitakuwa na marafiki wawili ambao siwezi kumtaja mmoja mbele ya mwingine mpaka tufe. Niliona ni upuuzi, na uliniuma.

Mke wangu, Ma Veneranda, alinifungia furushi la kanzu mbili na kahawa ya kutafuna. Akaniambia, "Nenda ukawaone. Ila usiende kuamua kesi. Wewe umezoea kupiga honi hata pale pasipo na gari."

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, nilipanda lori la dagaa la Deo. Deo huyu aliwahi kuwa utingo wangu. Sasa ana mvi na tumbo, na mimi ndiye niliyeketi upande wa kushoto kama mzigo. Nyinyi mnaosafiri kwa raha zenu hamjui adhabu ya dereva mstaafu kuendeshwa. Leseni yangu niliirudisha mwenyewe mwaka juzi, baada ya mtoto wa jicho kunifanya nimpishe mbuzi nikidhani ni baiskeli. Lakini mguu haujastaafu. Kila mteremko kabla ya Biharamulo nilikanyaga breki isiyokuwepo, na kila mlima Deo alichelewa kubadili gia, nikauma meno nisiseme.

"Sema tu, Ta Sospeta," alinambia tulipofika msituni. "Nakuona unavyotetemeka."

"Sisemi kitu. Gari ni lako."

"Basi pumua."

Saa nane mchana tulishika lami ya Lusahunga, vumbi likaisha, na nikapata usingizi kidogo. Tulifika Rusumo jua likikaribia kuzama na mpaka ukiwa umeshafungwa, tukalala upande wetu katika nyumba ya wageni yenye vitanda vya kamba. Sauti ya maporomoko ilisikika hadi ndani. Zamani mimi na Karoli tulikuwa tukilala chini ya lori palepale, tunabishana ni nani anayekoroma.

Jumanne asubuhi, Rusumo. Daraja lile ni jembamba, linapitisha gari moja moja, na chini yake mto Kagera unaanguka kwa hasira, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Upande wa pili mambo mawili hubadilika. Saa hurudi nyuma, nami nikapata saa nzima ya bure, jambo zuri kwa mtu wa umri wangu. Na magari huhama kutoka kushoto kwenda kulia. Deo alihama bila hata kuacha kuzungumza. Mimi nilishika dashibodi kwa mikono miwili mpaka Kibungo.

Kuanzia Kibungo nilitulia. Ni migomba huku na huku, vilima vimelimwa mpaka kileleni, wanawake wamebeba mitungi, wanaume wanasukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi. Barabara yote hiyo nimeipita ikiwa tope. Pale baada ya Kayonza tuliwahi kukwama siku tatu na magunia ya kahawa, mimi na Karoli, tukalishwa viazi na mama mmoja ambaye hakutuuliza hata majina. Sasa ni lami tupu, na Deo alipapita huku anapiga mluzi.

Saa saba mchana, Kanombe, pembeni ya Kigali. Deo aliniteremsha karibu na njia ya uwanja wa ndege, akaahidi kunichukua Jumatano ya wiki ifuatayo akirudi. Kutoka hapo nilitembea na mfuko wangu kuelekea Busanza kwa Karoli, kwa kijia chekundu kati ya mikaratusi na nyua za minyaa. Ni mashamba na malisho tu. Ndege moja kubwa ilipita juu yangu ikishuka, nikainama bila kutaka. Ng'ombe wa Busanza hawakuinua hata kichwa.

Karoli alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake na kofia yake ya pama, mrefu vilevile, ila sasa amejipinda kidogo juu. Tulishikana mabega kwa desturi yao, shavu huku, shavu kule, kisha mkono, na hakuuachia.

"Sospeta. Wewe iko muzee sasa."

"Na wewe je?"

"Mimi? Mimi nilikuwa muzee zamani, nimeishazoea." Akacheka, na meno yake yote yakacheza. Yalikuwa ya bandia, mapya. Alipoona ninayatazama aliyatoa, akayafuta kwa leso, akayarudisha. "Imakulata alininunulia. Nayavaa kwa wageni. Kwa mahindi nayatoa."

Nyumba ilikuwa nusu imefungwa. Vikapu vimepangwa, picha zimeshuka ukutani, magodoro yamefungwa kamba. Kitu kimoja tu hakikuguswa, kiti cha mkewe Tereza kilichokaa dirishani na kitambaa chake cha kufuma. Tereza amefariki miaka mitatu sasa. Nilisimama mbele ya kile kiti nikavua kofia, naye Karoli akasimama pembeni yangu. Baadaye mpwa wake aliyekuja kurithi ng'ombe alituletea maziwa ya mgando, na tukazungumza mpaka giza likaingia: nani amekufa, nani ameoa tena, nani amepata kisukari. Nilijaribu mara moja tu kumgusia Juma wa Kimisagara.

"Na Kimisagara kule, hawajambo?"

"Kimisagara iko mahali pake," alisema. "Kunywa maziwa."

Jumatano nilimwambia nakwenda mjini kununua dawa ya macho. Hakuniuliza ni duka gani. Alinisindikiza hadi kwenye minyaa, akaniangalia usoni muda mrefu kidogo kuliko dawa ya macho inavyostahili, akarudi kwa ng'ombe wake.

Kimisagara iko bondeni, chini ya Nyamirambo, nyumba zimebanana kama zilimwagwa kutoka juu zikakwama hapo. Unaanza kuisikia kabla ya kuiona: nyundo, misumeno, vyerehani, redio. Juma nilimkuta kwenye kibanda chake kando ya mfereji. Mabodi ya magari yamemshinda nguvu, sasa anatengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, yale ya buluu yenye maua mekundu. Kofia yake ya kufuma ilikuwa nyeupe pe, na mikono yake ilikuwa myeusi vilevile kama nilivyoiacha. Sikio la kushoto limekufa kwa ajili ya nyundo, nami kwa kutojua nilisimama upande huo nikamsalimia mara mbili bila yeye kugeuka. Nikamgusa bega. Akashtuka, nyundo ikamwangukia kidole gumba.

"Yampaye inka Karoli," akasema, akaweka kidole mdomoni. Ndipo akaniona.

Hapa lazima niwaeleze wasomaji wa nyumbani. Rwanda, rafiki akikupa ng'ombe, amekupa zaidi ya maziwa. Kuanzia siku hiyo unaapa kwa jina lake. Ukishtuka, ukijikwaa, ukitaka kuaminiwa, unasema "Yampaye inka fulani", yaani fulani ndiye aliyenipa ng'ombe. Karoli alimpa Juma ng'ombe mwaka ule Juma alipomtoa ndani ya lori lililopinduka, akikata bati kwa patasi kutwa nzima. Hivyo Juma amekuwa akiapa kwa Karoli kwa miaka zaidi ya ishirini. Na mwaka huu wa tatu wa ugomvi bado anaapa.

"Umemtaja nani sasa hivi?" nilimuuliza.

"Sikumtaja mtu."

"Umeapa kwa Karoli."

Alikitazama kidole chake. "Hiyo ni mdomo tu, Bwana Sospeta. Mdomo haijui habari."

Mkewe, Mama Zaina, alitupikia chai ya tangawizi na mandazi, na ni pale nyumbani kwao, mlango umeegeshwa, nilipopata kisa kizima. Ng'ombe yule, au tuseme mjukuu wake, alikuwa akichungwa juu mlimani kwa wakwe wa Juma. Msimu mmoja wa mvua akatumbukia kwenye korongo, akavunjika mguu. Hakuwa wa kupona. Juma akaitwa, akamchinja haraka kabla hajafa, maana akifa mwenyewe ni haramu, na nyama ikagawiwa majirani. Desturi inataka aliyekupa ng'ombe aambiwe kwanza, kabla ya kisu kama inawezekana, na kama haiwezekani basi siku hiyohiyo, naye apelekewe fungu lake. Lakini wiki hiyo Tereza alikuwa hospitali, na Karoli analala kwenye benchi la nje.

"Nikasema, huyu mutu bibi yake anakufa, mimi nimuletee habari ya ng'ombe?" Juma alisema. "Nikasema nitangoja Tereza atoke. Tereza hakutoka."

Badala yake, siku ya tatu jirani mmoja aliyekwenda kuwajulia hali hospitali alimshukuru Karoli kwa nyama. Alimwambia ng'ombe wake alikuwa mtamu. Karoli aliyasikia hayo akiwa ameketi kwenye benchi, mkewe akikata roho chumba cha pili. Mazishini Juma alikuja, akasimama nyuma kabisa, hakuthubutu kusogea. Karoli alimwona, naye akageuza uso.

"Kwa nini hukwenda kumwomba radhi?"

Mama Zaina ndiye aliyejibu. "Aende na nini, shemeji? Huko radhi inaombwa na kibuyu cha pombe ya ndizi. Mkosaji analeta, wanakunywa pamoja, neno limekwisha. Sasa Juma abebe pombe? Imamu anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa."

"Nilituma soda," alisema Juma kwa unyonge. "Kreti nzima. Alirudisha chupa zote na vizibo vyake. Alisema soda ni ya watoto wa komunyo."

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Miaka mitatu. Mmoja anangoja kibuyu kilichokuwa haki yake, mwingine hawezi kukigusa, na katikati yao hakuna mtu anayewajua wote wawili sawasawa mpaka mimi nije kutoka ng'ambo ya Kagera. Nikajiona nimetumwa. Mimi ni Mhaya na Mkristo. Pombe ya ndizi nimeijua kabla sijajua kusoma. Nitabeba mimi, nikasema, Juma atembee tu mbele yangu. Juma alinitazama kama mtu aliyeonyeshwa mlango uliokuwa wazi siku zote. Mama Zaina akaanza kumtafutia shati safi palepale.

Alhamisi mchana, Kanombe. Kibuyu nilikinunua kwa mama mmoja anayetengeneza urwagwa, pombe yao ya ndizi, karibu na barabara, baada ya kuonja vibuyu vitatu, na naweza kusema bila kujisifu kwamba nilichagua kizuri. Kilikuwa kizito. Nilikibeba begani kupanda kile kijia, jasho linanitoka, na Juma mbele yangu mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Mara aiweke mfukoni, mara nyuma. Alisimama mara tatu.

"Akikataa?" aliniuliza mara ya tatu.

"Akikataa tutakunywa sisi."

"Mimi sinywi."

"Basi nitakunywa mimi, na wewe utanibeba kurudi."

Karoli alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, anafunga kikapu. Alituona tukiwa bado mbali, nami niliona mikono yake ikiacha kufunga. Hakuinuka. Nilikiweka kibuyu chini mbele yake, nikachomeka mrija, nikasema maneno ambayo nilikuwa nimeyapanga njia nzima: kwamba Juma alikosea, kwamba hakukosea kwa dharau, kwamba alitaka kumwepusha na huzuni ya pili, na kwamba yeye mwenyewe amekuja. Juma aliongeza kwa sauti isiyosikika vizuri, "Nilikosa, Karoli. Nilikosa sana."

Karoli alikitazama kibuyu kwa muda. Kisha akauliza, bila ukali, kama mtu anayeuliza saa, "Nani anaonja?"

Jambo hilo nalijua tangu ujana wangu Kigali, na nilikuwa nimelisahau kabisa. Kule anayeleta kinywaji huonja kwanza mbele ya anayepokea, ili ijulikane hakuna ubaya ndani. Hakuna anayekunywa kabla ya hapo. Na pombe ya watu waliogombana ndiyo haswa inayoonjwa.

"Nitaonja mimi," nilisema upesi.

"Wewe hukuchinja ng'ombe wangu."

Mpwa wa Karoli aliyekuwa akipita na nyasi alisimama palepale na mzigo wake. Nilimtazama Juma na nikajilaumu kwa kumleta hadi pale kuaibika. Alikuwa amekikazia macho kibuyu. Halafu nikamwona anavua kofia yake nyeupe, anaikunja, anaitia mfukoni. Akapiga magoti taratibu, kwa maana magoti yake ni mabovu kama yangu, akashika mrija, akainamisha uso. Miaka sitini na tisa mtu huyu hajatia pombe mdomoni.

Karoli aliondoa kibuyu.

"Oya, hapana," alisema. "Oya, Juma. Mungu wako usimukosee." Akakiweka kibuyu mapajani mwake, akachukua mrija, akanywa. Hakuna aliyekuwa ameonja. Alikunywa funda la kwanza, la pili, la tatu, macho yake yakimtazama Juma muda wote, kisha akafuta midomo kwa mgongo wa mkono. "Iko tamu," alisema. "Vaa kofia yako."

Juma alilia. Sitamficha, na yeye mwenyewe hakujificha. Nilimsaidia kuinuka, tukamkalisha, na akaletewa maziwa katika kibuyu kidogo, naye akayanywa yote huku yanamwagikia shati safi la Mama Zaina. Mimi pia sikuona vizuri kwa muda, na si kwa sababu ya mtoto wa jicho.

Tulipokuwa tunakula jioni ile, viazi na maharagwe, nilimuuliza Karoli kwa nini alikunywa bila kuonjeshwa. Alitoa meno yake kwanza, akayaweka kando ya sahani.

"Sumu ya miaka tatu nimekunywa yote peke yangu," alisema. "Hiyo ya Juma ingeniua nini?"

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko nilivyotegemea kupata tena maishani. Juma aliswali Ijumaa yake mjini akarudi jioni na nyundo na masanduku mawili ya buluu, akadai vikapu vya Karoli havitafika Cyangugu. Tulifunga mizigo ya siku moja kwa siku nne, maana kila chombo kilikuwa na hadithi. Kati yetu tulikuwa na masikio matano mazima, macho ya watu wawili na nusu, na magoti hakuna. Mazungumzo yetu yalisikika nadhani mpaka Masoro. Jumapili Karoli alikwenda misa, mimi nikaenda naye, Juma akabaki anatutengea chai. Jumatatu Karoli aliwatembelea ng'ombe wake mmoja mmoja, akiwaita majina, akiwaaga. Hakutaka tumfuate, tukakaa mbali tukimwangalia.

Kiti cha Tereza kilitushinda. Hakikuingia katika sanduku lolote, na basi lisingekichukua. Karoli alikizunguka, akakaa juu yake kidogo, akainuka.

"Peleka kwa Mama Zaina," alimwambia Juma. "Tereza alimupenda." Juma alikibeba kichwani mwenyewe hadi barabarani, hakumruhusu mpwa asaidie.

Jumanne asubuhi, Nyabugogo, stendi ya mabasi ya Kigali. Basi la Cyangugu lilikuwa limeshawashwa. Karoli alitaka kupanda tu, lakini Juma alizunguka kwanza akigonga nati za magurudumu kwa kijiti, na mimi nikainama kutazama mipira ya breki, ikabidi Karoli naye ashuke atoe maoni yake kuhusu springi. Dereva alituuliza kama sisi ni polisi wa barabarani. Tulimwambia sisi ni madereva. Gurudumu la nyuma kulia lilihitaji upepo. Akalijaza.

Karoli aliketi dirishani. Juma alisimama chini, kichwa kimegeuzwa ili sikio zima liwe juu.

"Juma," alisema Karoli. "Kama ningekufa mwaka jana, ungekuja kunizika?"

"Ningekuwa wa kwanza kufika."

"Najua. Na mimi kwako hivyohivyo." Akafikiri. "Ungefika wa kwanza, na mimi sisikii."

Juma aliinua mkono, Karoli akaushika kupitia dirishani, na basi lilipoanza kusogea Juma alitembea nalo hatua kadhaa, akikazana na magoti yake, mpaka likashika barabara. Tulisimama hapo tukiliangalia linapanda mlima. Dereva alibadili gia mapema kidogo, lakini sikusema.

Jumatano nilivuka Rusumo na Deo, nikairudisha ile saa niliyokuwa nimekopeshwa, nikahamia kushoto. Alhamisi jioni nilikuwa Muleba, nimekaa jikoni, Ma Veneranda ananikanda miguu kwa maji ya moto na kunitaka nianze mwanzo. Nilipofika pale kwenye mrija aliacha kukanda.

Nimewaandikia haya nyinyi mlio nyumbani kwa sababu wengi wenu mna mtu kama huyo, ng'ambo ya mto au nyumba ya tatu, mnayengojeana naye. Safari hii imenifunza kitu kimoja tu, nami nilikiona kwa macho yangu mabovu pale Nyabugogo. Nauli ya kwenda kumzika mtu ni ileile ya kwenda kumsalimia.